Mzigo wa Mpagazi na Tangi la Samaki

Usoke haina ziwa wala bahari. Ni mji mdogo wa reli katika wilaya ya Urambo, magharibi ya Tabora, katikati ya miombo, ambako watu huishi kwa tumbaku, mahindi, asali na mpunga wa mbugani, na ambako samaki hujulikana zaidi akiwa mkavu ndani ya gunia kuliko akiwa hai majini. Ukiuliza pale ni kiumbe gani anayefaa kuwekwa katika tangi dogo la kioo sebuleni, huenda ukaambiwa kwamba hilo ni swali la watu wa mjini wenye nafasi. Lakini Usoke imekaa juu ya njia kuu iliyounganisha pwani na Ziwa Tanganyika, kwanza kwa misafara ya wapagazi, kisha kwa reli, na njia hiyo imepitisha viumbe wa majini kwa zaidi ya miaka 150. Kila zama ilikuwa na namna yake ya kuwachagua, na karibu kila zama ilichagua kwa kipimo kisicho sahihi. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba kiumbe anayefaa tangi dogo hapimwi kwa udogo wa mwili wake wala kwa uzuri wa rangi zake. Hupimwa kwa ukubwa wa eneo analolitumia akiwa kwao. Historia ya njia hii inatuonyesha jinsi watu walivyochelewa kuliona jambo hilo.

Tuanze na mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani au kichwani mzigo usiozidi sana frasila mbili, yaani kama kilo 30 hivi, na kwa mzigo huo alitembea miezi mitatu au minne kati ya pwani na Unyanyembe, eneo la Tabora. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, mahali palipokuja kuwa Tabora, tarehe 7 Novemba. Waliliona Ziwa Tanganyika tarehe 13 Februari 1858. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mzigo mzima wa mpagazi mmoja, kama ungekuwa maji matupu, usingefika lita 35. Hicho ni kiasi cha tangi dogo kabisa la nyumbani. Hakuna mfanyabiashara ambaye angemlipa mtu posho ya miezi kadhaa abebe samaki wawili hai badala ya pembe ya ndovu, na hata kama angejitokeza, maji yangechafuka na samaki wangekufa kabla ya kuvuka Ugogo. Ndiyo maana kilichosafiri kwa miguu ni kile ambacho hakikuhitaji maji: makombe.

Makombe yalikuwa yakisafiri katika njia hii kabla ya Mzungu yeyote kuyapa jina la Kilatini. Yalitoka Bahari ya Hindi yakapanda bara, na miongoni mwake lilikuwamo kombe la koni lililokatwa likawa kisahani cheupe, kibangwa, ambacho watemi wa Unyamwezi walikivaa kama alama ya utawala. Katikati ya karne ya 19 yakaanza kusafiri kinyume pia. Speke aliokota makombe machache ya Tanganyika akayapeleka London, na mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward akayaeleza kwa maandishi. Wasomi walistaajabu kuona konokono wa maji baridi wenye makombe mazito yaliyofanana na ya baharini. Miaka 20 baadaye Edward Hore, nahodha aliyefika Ujiji Agosti 1878 pamoja na wamisionari wa London Missionary Society, shirika lililofungua kituo Urambo mwaka uliofuata, alipeleka shehena kubwa zaidi. Kutokana na makombe yake Edgar Smith aliandika mwaka 1880 juu ya konokono aliyemwita Neothauma tanganyicense. Jina hilo tulishike, kwa sababu nyumba ya konokono huyu ndiyo itakayojibu swali letu, ingawa wakati ule hakuna aliyejua nani anaishi ndani yake baada ya mwenyewe kufa.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imeshikwa na shauku ya matangi ya kioo. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, miaka minne kabla ya Burton na Speke kuanza safari, na muda si mrefu familia nyingi za Uingereza zikawa na tangi sebuleni. Ingeonekana kwamba shauku hiyo na safari za Tanganyika zingekutana mapema. Hazikukutana, kwa sababu njia ilikuwa ndefu mno kwa kiumbe hai. Mfano mzuri ni wa Richard Böhm, mwanazoolojia wa Kijerumani aliyekaa Kakoma na Igonda, kusini ya Tabora, kuanzia mwaka 1880, ambaye jina lake limebaki kwa pundamilia wa nchi yetu. Mwaka 1883 aliona ndani ya Tanganyika kitu ambacho hakikutarajiwa katika ziwa la maji baridi: kiwavi wa majini, yule kiumbe laini kama mwavuli, mdogo asiyezidi upana wa sarafu. Kwa macho ya mtu anayetafuta mapambo ya tangi dogo, huyo angekuwa chaguo la kwanza. Ni mdogo, ni mzuri, ni adimu. Lakini maisha yake yote ni kuelea na mikondo ya ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650, akila vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ukimtia katika lita 30 unamweka gerezani, na hatamaliza siku nyingi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku mbili tatu, na stesheni kama Usoke zikapata kitu kipya: dagaa wa Kigoma, waliokaushwa juani, wakasafirishwa kwa magunia pamoja na mawese na chumvi ya Uvinza. Dagaa ndiye samaki ambaye kila mtoto wa Usoke anamfahamu, na kwa hoja yetu ni shahidi muhimu kuliko wote. Urefu wake ni kama wa kidole cha mkono. Anayefuata kanuni ya kawaida, kwamba tangi dogo litiwe samaki mdogo, angemchagua yeye. Lakini dagaa wa Tanganyika ni samaki wa maji wazi. Huishi katika makundi makubwa mno, mchana hushuka kwenye vina virefu, usiku hupanda juu kufuata chakula, na hapo ndipo wavuvi humvuta kwa taa. Akiguswa na wavu magamba hupukutika, na hufa upesi. Mwili wake ni mdogo, lakini makazi yake ni ziwa zima, juu na chini. Ukimpima kwa rula utasema anafaa. Ukimpima kwa mwendo wake wa siku moja, hafai hata tangi la ukubwa wa chumba.

Kwa nini basi kipimo cha mwendo kilichelewa kutumika? Sababu moja ni kwamba elimu ya samaki wa Tanganyika ilijengwa kwa maiti. Safari za utafiti za J. E. S. Moore, ya kwanza ikiwa ya 1895 na 1896, na ile ya W. A. Cunnington ya 1904 na 1905, zilipeleka London samaki waliohifadhiwa katika chupa za spiriti, na George Boulenger wa makumbusho ya Uingereza akawapa majina kwa kuhesabu miiba, magamba na meno. Kazi yake ilikuwa ya thamani kubwa, lakini samaki wa kwenye chupa hasemi alikuwa akiishi wapi, anapigana na nani, wala anatembea umbali gani. Mwaka 1906 Boulenger aliwaeleza samaki wawili ambao kwa leo ni kama pande mbili za hoja hii. Mmoja ni Cyphotilapia frontosa, mwenye milia mipana na nundu ya kichwa, anayefikia urefu wa zaidi ya sentimita 30 na anayekula samaki wenzake. Mwingine ni Neolamprologus multifasciatus, mwenye milia myembamba ya kahawia, ambaye dume kubwa hufikia sentimita nne au tano na jike hupungua hapo. Katika spiriti tofauti yao ilikuwa ya ukubwa tu.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza kusafirisha samaki hai kutoka Bujumbura, na baadaye biashara hiyo ikashika pia Kigoma na upande wa Zambia. Mfuko wa plastiki uliojazwa maji kidogo na oksijeni nyingi, pamoja na ndege, ulifanya kwa saa 48 kile ambacho mpagazi asingeweza kukifanya kwa miezi minne. Lakini uchaguzi ulibaki mikononi mwa soko, na soko lilitaka rangi. Frontosa aliuzwa akiwa na sentimita chache, mrembo na mpole, kwa watu wenye matangi ya kuwekwa juu ya kabati. Baada ya miaka michache akawa mkubwa kuliko nafasi yake, tena akiwa amewameza wenzake. Tropheus, aliyepewa jina na Boulenger mwaka 1898, naye alipendwa kwa rangi zake. Huyu huchunga mwani juu ya mawe mchana kutwa na ana utumbo mrefu wa mla majani. Akilishwa vyakula vizito vya nyama huvimba tumbo na kufa, na akiwekwa wachache wachache katika tangi fupi, mwenye nguvu humuua mnyonge. Ndege iliondoa kikwazo cha njia, lakini haikumfundisha mnunuzi kuuliza samaki huyu kwao anaishije.

Jibu lilikuwa chini ya ziwa, ndani ya makombe ya Hore. Katika sehemu nyingi za Tanganyika konokono wa Neothauma wakifa makombe yao hayaozi upesi, kwa sababu maji ya ziwa hili yana chumvichumvi za madini nyingi na pH yake hukaribia 9. Makombe hulundikana juu ya mchanga yakawa kama zulia, na samaki wadogo wameyageuza kuwa nyumba. Mtazame multifasciatus akifanya kazi. Jike akipata kombe, huchimba mchanga wa pembeni na chini yake, anaubeba kwa mdomo na kuutema mbali kidogo, mpaka kombe linazama na kubaki mlango wake tu ukitazama juu. Samaki mkubwa akipita, jike huingia ndani kwa mkia au kichwa kwa kufumba na kufumbua. Mayai huyataga humo ndani, na vifaranga wakitoka hukaa karibu na mlango, wakiongezeka mpaka koloni nzima imekaa mahali pasipozidi ukubwa wa mkeka mdogo. Mwendo wake wa maisha yote ni kutoka mlangoni kwake hadi kwa jirani. Samaki wa namna hii akipewa lita 50 au 60, yaani uzito wa mizigo miwili ya wapagazi, akapewa mchanga laini na makombe kadri ya idadi yao na ya ziada, hajanyimwa chochote alichokuwa nacho ziwani isipokuwa adui.

Yupo atakayepinga kwamba kipimo cha eneo ni cha nadharia, kwa sababu samaki wengi wanaishi muda mrefu katika vioo vidogo. Mfano atakaoutoa ni samaki wa dhahabu, ambaye kwa miongo mingi amewekwa katika bakuli la duara. Ni kweli samaki huyo ni mvumilivu, na hilo ndilo lililomponza. Asili yake ni samaki wa mabwawa ya China, anayeweza kupita urefu wa sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka kumi. Katika bakuli hudumaa na kufa mapema huku mfugaji akidhani huo ndio umri wake. Zaidi ya hayo, maji machache hayasamehi. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaokaa kwenye mchanga na chujio ndio wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa kukomaa katika tangi jipya. Katika lita 30 samaki mmoja wa ziada au kijiko kimoja cha chakula kilichobaki kinatosha kuvuruga kila kitu kwa usiku mmoja, hasa umeme ukikatika na chujio likasimama. Kuvumilia kwa samaki si ushahidi kwamba anafaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini mtu wa Usoke afuate samaki wa Kigoma au wa Zambia wakati mbuga za jirani zina samaki wake? Swali hili ni la haki, na kipimo chetu hakilikwepi. Katika mbuga za udongo mweusi za bonde la Malagarasi na nyanda za kati wapo samaki wa madimbwi wa jenasi ya Nothobranchius, ambao mtaalamu Hilgendorf alikwisha kuandika juu ya mmojawapo mwaka 1891, kutoka ziwa la Chaya upande wa mashariki wa Tabora. Wana kama sentimita tano, dume ana rangi kali na jike ni wa kijivu. Mvua za masika zikijaza dimbwi, mayai yaliyolala ndani ya tope kavu huanguliwa, samaki hukua kwa wiki chache, hutaga, na jua la kiangazi likikausha dimbwi wote hufa, wakiacha mayai ardhini. Eneo lao ni dimbwi, wakati mwingine lenye ukubwa wa chumba kimoja. Hula viluwiluwi vya mbu, jambo ambalo hakuna familia ya Tabora itakayolilalamikia. Mayai yao yakiwekwa katika mboji yenye unyevu kidogo husafiri kwa bahasha ya posta, na wafugaji wa Ulaya wamekuwa wakitumiana hivyo kwa miaka mingi. Huyu ni kiumbe wa majini ambaye mpagazi wa Burton angeweza kumfikisha pwani akiwa hai, kama mtu angejua. Kasoro yake ni kwamba maisha yake ni ya miezi, hivyo anamfaa mtu aliye tayari kuhifadhi mayai na kusubiri, si yule anayetaka samaki wa kumzoea kwa miaka.

Kutoka mbugani hata hivyo si kila kitu kichukuliwe. Kuna wanaoona konokono wa bwawa kama msafishaji wa bure wa tangi, na kwa kipimo cha eneo konokono angefaulu kirahisi. Hapa lazima kipimo chetu kiongezewe sharti la afya ya mwenye nyumba. Konokono wa mabwawa na madimbwi yetu, hasa wa jenasi za Biomphalaria na Bulinus, ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho, na mtu anayesafisha tangi hutumbukiza mkono hadi kiwiko. Konokono huyo, pamoja na maji ya dimbwi na majani yaliyong'olewa humo, abaki huko huko. Vilevile maji ya kutumia yana neno lake. Maji ya Ziwa Victoria yaliyovutwa hadi Tabora ni laini, hayana madini mengi kama ya Tanganyika, na yametiwa dawa. Samaki wa makombe akiwekwa humo anahitaji mawe ya chokaa au makombe mengi ya kuyapa maji ugumu, na maji yakae wazi siku nzima klorini itoke. Usiku wa Juni na Julai nao Tabora hupoa kuliko ziwa, ambalo halishuki sana chini ya nyuzi 24, kwa hiyo kipasha joto kidogo ni cha lazima.

Litabaki pingamizi la maadili: kwamba kumtoa samaki ziwani kwa ajili ya mapambo ni anasa inayomaliza viumbe. Ziwa Tanganyika lina aina za sikilidi zinazokadiriwa kufika 250, karibu zote haziishi penginepo duniani, na nyingine zimefungwa kwenye kipande kimoja cha pwani yenye mawe. Anayevua kiholela mahali kama hapo anaweza kweli kuangamiza kabila zima la samaki, na ndiyo sababu biashara hii inahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Lakini kipimo cha eneo hapa kinalinda badala ya kuharibu. Samaki wa makombe na wa madimbwi ndio wanaozaana kwa urahisi katika tangi dogo. Jozi chache zinatosha kuanzisha kizazi cha kugawana mtaani bila kurudi ziwani. Wanaohitaji kuvuliwa upya kila mara ni wale wakubwa na wanaotembea, ambao hufa vijana katika nafasi isiyo yao.

Kwa hiyo mtu wa Usoke, Urambo au Tabora mjini anayetaka tangi la lita 50 hana haja ya orodha ndefu. Achague koloni moja ya samaki wa makombe iliyozaliwa kwenye tangi la mfugaji, au samaki wa mbugani kwa msimu mmoja, asichanganye wawili hao, na awaache dagaa, frontosa na konokono wa bwawa mahali pao. Na siku atakapochoka kufuga, ampe jirani. Asiwamwage katika bwawa la Igombe wala katika mto wowote wa Malagarasi: sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, mamia ya aina za samaki wadogo wa ziwa hilo yalitoweka ndani ya maisha ya mtu mmoja.